Inchi Moja Ndani ya Mshono

Ijumaa, saa kumi jioni, kibaraza cha fundi pale Chikongola, Mtwara. Ndoa ni kesho. Mpambe wa nne amesimama juu ya kigoda. Gauni la satini rangi ya pichi limepita hipsi, limekaa kiunoni, na zipu ya mgongoni imegoma usawa wa mkanda wa sidiria. Wifi anavuta zipu, mama mdogo anabana kitambaa kwa mikono miwili, binti anaambiwa avute pumzi.

"Fundi, hili gauni umelibana."

"Dada, ndivyo vipimo vilivyo kwenye daftari."

Fundi hakuongeza neno. Alimwomba binti avue, akaligeuza gauni, akautazama mshono wa ubavuni. Kitambaa kilichobaki ndani kilikuwa nusu sentimita, na kimeshapigwa ovaloki.

Hapakuwa na cha kufumua.

Wiki kadhaa sasa jambo hili halijanitoka. Ubishi wote pale kibarazani ulikuwa juu ya nani kakosea: fundi, au binti aliyeongezeka. Miili huongezeka na kupungua, hilo halina mwisho. Lililonisumbua mimi ni kwa nini gauni la harusi lishonwe kana kwamba mwili hautasogea hata kidogo kati ya siku ya kupimwa na siku ya ndoa. Nikalifuata swali hilo kinyumenyume, na halikuishia kwa fundi. Liliishia dukani, siku kamati iliponunua kitambaa.

## Mita zinazopungua

Gauni refu lililoachia chini, lenye mkono mfupi, la mtu wa mwili wa kati, linakula kama mita 3.5 za kitambaa chenye upana wa inchi 60. Wapambe watano ni mita 17.5. Kamati inaandika 17, mara nyingine 16, kwa hoja kwamba fundi mzuri anajua kubana. Kisha kitambaa kinaagizwa Kariakoo kwa simu, kinakuja na basi, kinafunguliwa stendi, kina upana wa inchi 45.

Hapo ndipo mambo huanza kuharibika, na hakuna anayeona.

Kwa upana wa inchi 45 unahitaji theluthi moja zaidi: karibu mita 4.7 kwa kila mpambe, zaidi ya 23 kwa wote watano. Umepungukiwa zaidi ya mita sita. Fundi ama akatae kazi, ama abane. Akibana, cha kwanza kuliwa ni kile kisichoonekana, yaani kitambaa cha ndani ya mshono na upindo wa chini. Gauni likitundikwa ukutani linapendeza vilevile. Kila mtu anasifia.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa muulize muuza vitambaa mambo mawili: upana ni inchi ngapi, na kwenye roli zimebaki mita ngapi. Ukishapata hesabu kamili, ongeza mita moja na nusu juu yake. Mwekahazina wa kamati atalalamika, mwache alalamike. Kutoka kwenye nyongeza hiyo ndipo kitapatikana kipande cha ubavu, cha kwapa au cha kuziba mgongo siku ya Ijumaa.

Na mabaki yarudishwe siku ya kuchukua magauni, hata vipande vya kiganja. Yasiporudishwa, tunajua yanakoishia: Idi inayofuata utamwona mtoto wa jirani wa fundi kavaa pichi.

## Roli moja, nje ya duka

Pichi ya roli moja si pichi ya roli nyingine. Kiwandani rangi hupikwa kwa mafungu, na kila fungu lina tofauti ndogo ambayo huioni mpaka wasichana wasimame mstari mmoja mbele ya kamera. Nunua vyote kwa mara moja, roli moja. Kitoe kitambaa nje ukitazame mchana, kwa sababu taa za dukani hubadilisha rangi. Picha ya WhatsApp usiifanye msingi wa uamuzi, kila simu ina pichi yake.

Satini ina jambo jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Ina mwelekeo. Kipande kimoja kikikatwa kichwa juu na kingine kichwa chini, kwenye mwanga vinaonekana rangi mbili tofauti, hata kama vimetoka mita ileile. Anayegeuzageuza vipande hivyo ni fundi aliyepungukiwa kitambaa, anayetafuta namna vyote vienee. Mwambie achore mshale wa chaki upande wa nyuma wa kila kipande, mishale yote ielekee chini.

Kama mmechagua kitenge, kiloweke, kianikwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Pamba hurudi, na gauni lililobana halina pa kurudia.

## Vipimo vya simu

Karibu kila harusi ya Mtwara na Lindi ina mpambe aliye Dar es Salaam au Dodoma, atakayefika siku mbili kabla. Huyo hutuma vipimo kwa ujumbe. Kifua 36, kiuno 30, hipsi 40. Namba nzuri, zimekaa sawa, na mara nyingi hazina ukweli.

Makosa yenyewe yanajulikana. Amejipima mwenyewe, kwa hiyo futi imelegea mgongoni. Amepima juu ya jinzi. Kiuno amekipima pale suruali inapokaa, inchi mbili au tatu chini ya kiuno chenyewe, ambacho ni pale mwili unapokunjika ukiinama upande. Kifua amekipima na sidiria ya kawaida, wakati siku ya harusi atavaa yenye sponji.

Bora kuliko vipimo vya simu ni gauni. Apande nalo basi mtu yeyote anayekuja kusini: gauni lake lolote linalomkaa vizuri, lisilo la kuvutika. Fundi alilaze mezani, apime kwapa hadi kwapa na kuzidisha mara mbili. Atapata kifua cha kweli, tena chenye nafasi ya kupumua ndani yake.

Kwa waliopo mjini, apime mtu mmoja, kwa futi moja, watano wote siku moja. Futi za plastiki zilizotumika miaka mingi huvutika. Ilinganishe na rula ya chuma kabla ya kuanza. Juu ya kipimo cha mwili, kitambaa kisichovutika kinahitaji nyongeza ya kama inchi 2 kifuani na inchi 2 kwenye hipsi. Hiyo ni nafasi ya kupumua na kukaa, usiichanganye na kile kinachobaki ndani ya mshono. Wapo mafundi wanaohesabu kimoja na kudhani wameacha vyote viwili.

Muulize kila mpambe, faraghani, kama ni mjamzito au ananyonyesha. Ulizo hilo likifanywa mbele ya mashangazi, jibu litakuwa hapana.

## Bandi kwanza

Inchi moja. Hilo ndilo ninalolidai kwa kila gauni la mpambe: inchi moja ya kitambaa ndani ya kila mshono wa ubavuni, na inchi tatu za upindo chini.

Hesabu yake ni rahisi. Gauni lina mishono miwili ya ubavu, na kila mshono una kingo mbili. Ukirudisha nyuma uzi kwa nusu inchi kila ukingo, umepata mara nne ya nusu inchi: gauni limeongezeka inchi 2 nzima, na bado una nusu inchi ya kushikia. Inchi 2 zinatosha kwa mtu aliyenenepa kidogo, aliyevimba kwa hedhi, au aliyepimwa vibaya. Ovaloki ipigwe ukingoni kabisa, isikate kitambaa hicho. Mwambie fundi kwa mdomo, maana mazoea yake ni kunyoosha na kukata.

Kabla ya cherehani, vipande vishikizwe kwa bandi ndefu za mkono, yaani mishono ya muda. Mpambe aje avae hivyo, na viatu vya siku yenyewe na sidiria ya siku yenyewe. Asisimame kama mshumaa. Akae, achuchumae, anyanyue mikono yote miwili juu ya kichwa, kwa sababu ukumbini wataingia wakicheza na keki itapelekwa kwa kucheza. Mtu akikaa, hipsi huongezeka inchi moja au mbili. Gauni la mkia wa samaki lililobana gotini litamfanya apige hatua za mtoto kutoka mlangoni hadi meza kuu.

Upindo uwe wa mwisho kabisa. Sketi iliyokatwa mshazari, hasa ya shifoni, itundikwe siku nzima na usiku kabla ya kupimwa chini, kwa kuwa kitambaa hushuka chenyewe na hakishuki sawa. Pima kutoka sakafuni kwenda juu, mpambe akiwa na viatu, uache inchi moja. Sherehe ikiwa uwanjani kwenye mchanga, acha mbili.

Na muda? Wiki sita kabla kwa vipimo, nne kwa kukata, tatu kwa bandi, siku kumi kwa kujaribisha mara ya mwisho, siku tatu kwa kuchukua. Huku kwetu ratiba hiyo inagongana na korosho. Minada inapoanza Oktoba na pesa kuanza kuonekana Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa, harusi zilizosubiri mwaka mzima zinajipanga foleni, na fundi yuleyule anapokea nguo za Krismasi na sare za shule za Januari. Atakubali kazi yako. Fundi hakatai kazi. Muulize atakata lini, na siku hiyo nenda ukaone mkasi.

## Ijumaa ikishafika

Sasa tuseme hayo yote hayakufanyika, na zipu imegoma.

Acheni kuvuta. Zipu ya kujificha ikilazimishwa hupasuka meno katikati, na hapo mtakuwa na matatizo mawili. Iacheni pale ilipoishia, mpime pengo kwa futi, mahali lilipo pana zaidi. Ukubwa wa pengo ndio unaoamua dawa.

Pengo la hadi inchi 2, na kitambaa kipo ndani ya mshono: fumua ubavu, pande zote mbili kwa usawa, kutoka kwapa hadi juu ya hipsi, shona upya, piga pasi mahali mshono wa zamani ulipokuwa. Satini huacha alama ya matundu ya sindano. Kitambaa cheupe chenye unyevu na pasi ya joto la chini huipunguza, haiiondoi yote. Mkono ukishuka utaifunika. Bitana nayo ifumuliwe. Wengi husahau, wanatanua juu na kushangaa gauni bado halifungi.

Pengo la inchi 2 hadi 5, au mshono mtupu: ng'oa zipu, weka kamba. Hii ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu gauni la kamba linamkubali mtu akiwa amekula na akiwa hajala.

Kata ukanda wa mshazari wenye upana wa inchi moja, ushone na kuugeuza uwe bomba jembamba. Ukatekate vipande vya inchi 2, kila kimoja kikunjwe kuwa kitanzi. Mgongo wenye urefu wa inchi 14 unataka vitanzi 14 kila upande, yaani 28, vikipishana inchi moja moja. Hiyo ni inchi 56 za bomba, kwa hiyo tengeneza 60. Vitanzi vibanwe kati ya satini na ukanda wa kitambaa kigumu kwa ndani, uzi upite mara mbili. Ukanda huo wa ndani usiachwe. Bila huo, kamba zikivutwa satini itachanika pale vitanzi vilipoingilia. Kamba yenyewe iwe na urefu wa mita 4 kwa pengo la inchi 4, ikibakisha mikia ya kufungia. Nyuma ya kamba weka kiziba mgongo, kipande cha inchi 8 kwa 16, kilichoshonwa upande mmoja na kushikizwa upande wa pili kwa vifungo vya kubonyeza.

Kazi hiyo inamla fundi karibu nusu siku. Ukimpelekea saa mbili usiku na umeme ukakatika, uombe awe na cherehani ya miguu.

Pengo kubwa kuliko hapo linataka kipande cha ubavu: ukanda mrefu kutoka kwapa hadi chini, mpana juu na kupungua taratibu, pande zote mbili. Hapa mabaki ndiyo kila kitu. Yakikosekana, usitafute satini inayokaribiana rangi, itaonekana kiraka. Tafuta lesi, na uiweke ubavuni kwenye magauni yote matano. Kasoro ya mmoja ikivaliwa na wote inakuwa mtindo, na binti hataulizwa kitu.

Hilo la mwisho si dogo. Pale kigodani, mbele ya mama mdogo na wifi, neno "umenenepa" halisaidii kitu chochote. Mafundi wenye busara husema kitambaa kimerudi.

## Wakati mwingine ni zipu tu

Kuna magauni yanayotosha kabisa na zipu bado inakwama, mara nyingi mahali pamoja: kwenye mshono wa kiuno, ambapo satini, bitana na kingo zake hukutana zikawa nene. Punguza unene huo kwa mkasi mdogo, upake meno ya zipu sabuni kavu au mshumaa mweupe. Sababu nyingine ni uzi kupita karibu mno na meno. Ufumue hapo tu, ushone milimita moja nje zaidi. Na zipu ya nailoni iliyopigwa pasi ya moto sana haiponi, ibadilishwe. Ifike chini hadi hipsi zinapoanza kutanuka, la sivyo mvaaji atalazimika kulivaa kwa kichwa akiwa ameshasukwa na kupakwa poda.

## Pasi, jasho na doa

Satini ya kisasa nyingi ni poliesta. Ukiweka pasi ya moto inang'aa vibaya na haitarudi. Jaribu kwenye mabaki kwanza, piga upande wa nyuma, weka kitambaa cha pamba juu yake. Kwa pasi ya mkaa kitambaa hicho ni lazima, cheche moja inatosha.

Pwani yetu ina joto la unyevu, na satini ya rangi nyepesi inaonyesha kila tone la jasho kwapani. Shona kipande cha pamba cha ukubwa wa kiganja ndani ya kila kwapa, kwa bandi, kiondolewe baadaye. Manukato yapakwe kabla ya kuvaa, maana yakigusa satini yanaacha duara.

Damu ya sindano: maji baridi na pamba, papo hapo, kamwe si ya moto. Mafuta ya cherehani: poda ya mtoto, iache inyonye, kung'uta, kisha sabuni kidogo ya vyombo. Vumbi jekundu la njiani liache likauke kwanza ndipo ulipanguse. Sindano iwe mpya, namba 11. Ile namba 16 iliyotoka kushona sare za shule huvuta nyuzi za satini na kuacha mistari isiyofutika.

## Kuna haja ya mtindo mmoja?

Hapa bado nina mashaka, na nadhani kamati nyingi nazo zinayo ila hazisemi.

Tunataka watano wafanane. Picha inapendeza wakifanana. Lakini gauni lisilo na mabega linalomkaa vizuri binti mwenye kifua kidogo litamshinda dada yake anayenyonyesha, ambaye usiku kucha atakuwa analipandisha kwa vidole. Kanisani, parokia nyingine hazitaki mabega wazi mbele ya altare, na mnaambiwa hivyo kwenye mazoezi, wiki moja kabla. Harusi ya Kiislamu itataka mikono mirefu na mtandio. Familia nyingi za huku zina dini zote mbili ndani ya nyumba moja, kwa hiyo wapambe wenyewe wana masharti tofauti.

Ninakoelekea ni hivi: kitambaa kimoja, rangi moja, urefu mmoja, sehemu ya juu kila mmoja na yake. Mwenye kifua kikubwa apate mabega mapana na kamba nyuma. Anayenyonyesha apate kifua cha kufungua mbele. Anayejisitiri apate mikono na shingo ya juu. Ila naelewa wanaokataa. Bibi harusi akishaiona picha moja akaipenda, hoja za kwapa na nyonga hazina nguvu, na siku ni yake.

Anayekataa, basi achague mtindo unaomfaa mwenye mwili mgumu zaidi kushonewa, wengine wafuate. Kwa kawaida tunafanya kinyume: tunachagua kwa mwili wa yule mwembamba.

## Barabara na mfuko

Magauni yanayoshonwa Dar es Salaam yafike wiki mbili kabla, hasa kama harusi iko kati ya Machi na Mei. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na mizigo ikakaa njiani siku kadhaa. Yasafirishwe yakiwa yameviringishwa juu ya kanga safi, kila moja na jina lake limeandikwa kwenye karatasi na kushikizwa kwa uzi. Yakikunjwa mraba kwenye kiroba, mistari ya mikunjo ya satini itawapa kazi ya pasi ya asubuhi nzima, tena asubuhi ambayo umeme una tabia zake.

Jumamosi uwepo mfuko mmoja: sindano tatu zenye uzi wa rangi ya gauni tayari, pini za kufunga kubwa na ndogo, mkasi mdogo, mshumaa, poda, mabaki ya kitambaa, utepe wa mita mbili. Zipu ikipasuka ukumbini, binti asivue. Ashonewe akiwa amesimama, kwa mkono, uzi mara mbili, kuanzia juu kwenda chini, na mshono ufumuliwe akirudi nyumbani. Mfuko huo asipewe mpambe yeyote wala msimamizi wa bibi harusi. Ashike shangazi ambaye hataingia akicheza, akae kiti cha karibu na mlango.